Jinsi ya kuchora opera ya vichekesho kwa penseli za rangi, tunaanza na kile kiti cha kinyozi wa Seville

Tabu ya kwanza ya kuchora opera ya vichekesho ni kwamba utani wenyewe uko kwenye mbio, watu wanaimba maneno kibao kwa pumzi moja, mlango unafunguliwa huyu anaingia yule anajificha, na wewe umeshika penseli ya rangi ambayo sketi moja tu inaweza kukulia jioni nzima. Sasa usijaribu kuchora mbio, hutaziweza. Chora nani anajua nini. Opera nyingi za aina hii zinachekesha kwa sababu kuna mtu mmoja pale jukwaani hajui kitu ambacho wenzake wanakijua, na sisi tuliokaa kwenye viti tunajua kuliko wote, na bahati nzuri hicho kitu kinachoreka, kinakaa kwenye macho, shingo na mikono.

Ntatumia mfano mmoja mwanzo mwisho tusije tukapotezana, Il barbiere di Siviglia (yaani Kinyozi wa Seville) ya mtunzi wa Italia Rossini, iliyochezwa mara ya kwanza Roma pale Teatro Argentina tarehe 20 Februari 1816. Jamaa alikuwa na miaka 23 tu. Usiku wa kwanza watu walizomea, usiku wa pili wakashangilia, na mpaka leo bado inajaza majumba. Stori kwa ufupi kama huijui: Rosina ni binti anayelelewa na daktari mzee Bartolo, mzee anataka kumuoa mwenyewe maana binti ana mali, kijana tajiri Almaviva naye kampenda, na Figaro ambaye ni kinyozi na mjanja wa mji mzima anamsaidia kijana aingie ndani ya nyumba kwa kujibadilisha, mara mwanajeshi mlevi, mara mwalimu wa muziki.

Sikiliza kwanza, penseli weka pembeni

Tafuta video nzima ya onyesho yenye maandishi ya tafsiri chini, maana kama hujui wanaimba nini utachora watu waliofungua mdomo basi. Angalia mara moja kwa raha zako. Mara ya pili kaa na daftari, na kila ukicheka simamisha, rudisha nyuma kidogo, andika nani alikuwa anamuangalia nani. Usiandike nguo, usiandike rangi. Mshale tu: Rosina kwa Almaviva, Bartolo kwa kioo, Figaro kwa Bartolo. Ile mishale ndiyo picha yako, mengine yote ni mapambo.

Kingine, usiangalie onyesho moja tu ukalinakili. Picha ya onyesho ni kazi ya mtu, kuna mpiga picha, kuna mbunifu wa jukwaa na wa mavazi, na ukichora fremu ya video kama ilivyo umechora kazi yao. Angalia maonyesho matatu manne tofauti, halafu funga kompyuta na upange jukwaa lako mwenyewe. Kwa mavazi mimi napenda kurudi kwa mchoraji Goya, zile picha zake za vijana wa Hispania za miaka ya 1775 mpaka 1792 alizochora zifumwe kuwa mazulia ya ukutani, humo utakuta koti fupi, mshipi mpana kiunoni, wavu wa nywele kichwani, yaani Figaro mtupu.

Chagua sekunde

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wanachagua pale ambapo kila mtu anapiga kelele, kwa sababu kelele inaonekana ya kuchekesha. Mi nadhani sekunde nzuri ni ile ya kabla. Kwenye tendo la pili kuna kipande cha kunyoa: Bartolo amekaa kwenye kiti, kitambaa shingoni, povu usoni, Figaro ameshika wembe na amejiweka makusudi katikati, mwili wake ndiyo pazia. Nyuma yake Almaviva, ambaye safari hii amejifanya mwalimu wa muziki, anapanga na Rosina kutoroka saa sita usiku. Bartolo akitaka kugeuka tu, Figaro anapiga ukelele kwamba kaingiwa na kitu jichoni, anamuomba mzee ampulizie! Halafu mwishoni mzee anainuka taratibu, anawasogelea, na anamsikia Almaviva akitaja kule kujibadilisha kwake.

Ukihesabu una sekunde tatu za kuchora hapo. Bartolo hajui kitu. Bartolo ameanza kuhisi. Bartolo amejua na anaruka. Ya tatu ni ya kelele, achana nayo. Ya kwanza ni nzuri ila imetulia mno. Ya pili ndiyo yenyewe: povu bado shavu moja, sikio limegeuka, jicho moja linaenda pembeni lakini kichwa bado hakijafika, na wale wawili nyuma bado wananong'ona bila habari. Hapo ghafla wajinga wamebadilika, sasa wao ndio hawajui.

Vifaa, kwa haraka

Penseli 24 zinatosha, 36 ni raha, 120 ni kujionyesha tu mwanzoni. Kikubwa ujue tofauti ya aina mbili: zenye nta laini kama Prismacolor, zinajaza rangi haraka na zinang'aa ila ncha inakatika ukiiangalia vibaya, na zenye mafuta kama Polychromos za Faber-Castell, ni ngumu kidogo, zinashika ncha kali, nzuri kwa macho, vidole na lesi. Wengi wanachanganya, nta kwa mapazia na nguo, mafuta kwa sura. Na penseli ikianguka sakafuni moyo wake unavunjika ndani hata kama nje nzima, utaichonga mpaka iishe, kwa hiyo usiiweke pembeni mwa meza.

Karatasi usibane hela. Ile ya kufotokopia haitakubali zaidi ya tabaka mbili tatu. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya upande laini, gramu 300, saizi A3. Inatakiwa ukipitisha kidole usikie mkwaruzo kidogo sana, kwa sababu ule mkwaruzo ndio unaoshika rangi, na ukiisha rangi haiingii tena. Ongeza kichongeo cha chuma, raba laini ya kufinyanga, brashi pana ya kufagilia vumbi la penseli (usipulize kwa mdomo, mate yanaruka), na kalamu ya biki iliyokwisha wino, hiyo usiitupe, nakuja nayo. Kama uko Dar, Mombasa au popote pwani ambapo mkono unatoa jasho saa zote, weka karatasi safi chini ya kiganja muda wote unaochora, la sivyo utakuta sehemu zenye mafuta ya mkono zimekataa rangi na hujui kwa nini.

Vijipicha na jukwaa

Chora vijiboksi vidogo vya ukubwa wa kiberiti, sita hivi au zaidi, kila kimoja mpangilio tofauti, watu wawe maumbo tu ya mayai na vijiti. Kwenye kila kiboksi jibu swali moja: jicho la mtazamaji linaanzia wapi na linaishia wapi? Kwa kipande chetu mimi naanza na lile povu jeupe, maana ndilo litakalong'aa kuliko vyote, kutoka hapo jicho la Bartolo linanirusha pembeni, napita juu ya bega la Figaro, natua kwenye mikono ya Rosina na Almaviva. Kama mstari huo unakatika, mtu akiangalia picha hatacheka, ataona watu wanne wenye nguo nzuri.

Kumbuka jukwaa siyo chumba. Waigizaji wamefunguka upande wa watazamaji, hata wakinong'onezana vifua viko kwetu kidogo, na huo uongo mdogo ubakize, ndio unaofanya picha isome kama opera na siyo kama picha ya familia sebuleni. Sakafu iweke chini ya usawa wa macho, onyesha ukingo wa jukwaa mbele na pindo la pazia upande mmoja, inatosha. Usichore nyumba nzima ya daktari, kiti, meza, dirisha lenye roshani, basi, na dirisha ulikumbuke kwa sababu ndiko wanakopanga kutorokea.

Mikono ichore mikubwa kidogo kuliko kawaida. Siyo sana, kidogo tu.

Kuhamisha mchoro

Mchoro ukikubali kwenye karatasi ya mazoezi, uhamishie kwenye ile nzuri kwa kuweka kwenye kioo cha dirisha mchana, au karatasi ya kutresi, ile nyembamba inayopenyeza mwanga. Mistari usiipitishe kwa penseli ya kawaida ya risasi, risasi ikikutana na manjano inakuwa uchafu wa kijani hivi usiotoka. Tumia penseli ya rangi nyepesi ya kila sehemu: sura kwa kahawia hafifu, nguo nyeupe kwa kijivu, pazia kwa damu ya mzee. Ukilazimika kutumia risasi basi ikandamize na raba ya kufinyanga mpaka uone mstari kwa shida.

Sasa ile biki. Kabla hujaweka rangi yoyote, weka karatasi ya kutresi juu ya mahali pa lesi, yaani shingoni kwa Rosina na mikono ya shati la Almaviva, halafu chora maua ya lesi kwa biki kavu ukikandamiza. Utaacha vijimifereji kwenye karatasi nzuri. Baadaye ukipitisha rangi kwa ubavu wa penseli, rangi inaruka ile mifereji na lesi inatokea yenyewe nyeupe. Nywele chache za wigi, mng'ao wa ukingo wa wembe, nyuzi za kitambaa, vyote hivyo hivyo. Ila ukishachimba umechimba, hakuna kufuta.

Mwanga ndio unaoamua

Kabla ya rangi amua taa iko wapi na uandike pembeni ya karatasi kwa mshale. Una njia mbili. Ya kisasa ni taa za juu, na kivuli kinaanguka chini kama tulivyozoea. Ya zamani, ya enzi za Rossini mwenyewe, ni safu ya taa za mafuta kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa, chini miguuni, na hiyo mimi naipenda kwa vichekesho kwa sababu inageuza sura kichwa chini miguu juu: kidevu kinang'aa, chini ya pua kunang'aa, kivuli cha pua kinapanda juu, matundu ya macho yanapata mwanga kutoka chini na nyusi zinatupa kivuli kwenye paji. Mtu wa kawaida anakuwa na sura ya njama. Mchoraji Mfaransa Degas alichora sana waimbaji wa Paris wenye mwanga wa namna hii, kaangalie kazi zake za miaka ya 1870 uone anavyoacha kidevu kiwe karibu cheupe kabisa.

Kama hujawahi kuchora mwanga wa chini usijidanganye kwa kubuni kichwani. Kaa gizani mbele ya kioo, washa tochi ya simu chini ya kidevu, jipige picha. Fanya sura ya Bartolo anayehisi kitu, na ya Figaro anayejifanya jicho linauma. Utaonekana chizi lakini picha utapata, tena hazina hakimiliki ya mtu mwingine.

Rangi, hapa tukae

Kanuni yangu kwa picha hii: wanaojua siri wanashirikiana rangi moja, asiyejua hana. Nachukua rangi ya chungwa iliyoiva, naipa mshipi wa Figaro, utepe wa Rosina, pindo la joho la mwalimu bandia. Bartolo nampa kijivu, bluu iliyofifia na kahawia baridi. Mtazamaji hataijua hii kanuni lakini macho yake yatawaunganisha wale watatu bila kuambiwa. Halafu, na hapa ndipo patamu, kwenye ile sekunde ya pili naweka kachungwa kidogo sana kwenye ukingo wa sikio la Bartolo, maana mwanga wao umeanza kumfikia.

Namna ya kuweka: anza na tabaka la kwanza la vivuli tu, kwa rangi moja baridi, mimi natumia bluu ya kijivu au zambarau hafifu, picha nzima, mkono mwepesi kiasi kwamba penseli inajiegemeza kwa uzito wake tu. Hapo picha yako inakuwa ya rangi moja na tayari inasomeka. Kama haisomeki, rangi hazitaiokoa, rekebisha sasa. Baada ya hapo paka kutoka nyepesi kwenda nzito, vijiduara vidogo vidogo au mistari inayofuata umbo, tabaka tano mpaka nane kwa sehemu za kivuli, na chonga penseli kila mara, tena kila mara, ncha butu inaruka mashimo ya karatasi na kuacha vidoti vyeupe.

Ngozi ya jukwaani siyo ngozi ya mtaani, ina vipodozi na taa. Krimu kwanza, kisha pinki ya udongo, halafu manjano ya haradali kwenye mwanga wa taa ya mafuta, kivuli kwa kijani cha zeituni kikichanganyika na kahawia nyekundu. Ukimpanga mwimbaji mweusi kwa nafasi ya Rosina au Figaro, na siku hizi wako wengi tu kwenye majumba makubwa, anza na haradali na kahawia ya kunde, kivuli kwa damu ya mzee na bluu ya wino, na mng'ao wa juu uwe wa baridi, samawati hafifu, siyo nyeupe.

Povu: usipake nyeupe. Acha karatasi. Kivuli chake ni samawati na zambarau hafifu sana, na upande wa taa mguso wa krimu. Ukingo wa juu wa povu uwe na vidoti vidogo visivyo na mpangilio, ukiuchora laini litaonekana barafu.

Nyeusi pia usiitumie peke yake, inachimba shimo kwenye picha. Changanya bluu ya wino, damu ya mzee na kijani kizito, zikipandana unapata weusi unaopumua. Velveti ya koti la daktari inataka hivyo, giza katikati na ukingo wenye mng'ao, yaani kinyume cha satini ya Rosina ambayo mng'ao wake uko katikati ya mkunjo na mipaka yake mikali.

Na Basilio je?

Huyu nimemuweka pembeni makusudi maana anastahili karatasi yake. Dakika chache kabla ya kunyoa anaingia mwalimu wa muziki wa kweli, Don Basilio, na kila mtu anashtuka kwa sababu mwalimu bandia yuko pale pale. Almaviva anampenyezea mfuko wa hela, Figaro anamshika mpigo wa mkono na kutangaza ana homa nyekundu, na wakati huo huo anaambiwa amekuwa wa manjano kama maiti. Homa nyekundu, sura ya manjano! Mtu wa penseli za rangi ukipewa zawadi kama hiyo unasema nini. Jamaa mzima wa afya anafukuzwa akalale, wanamuimbia usiku mwema mpaka anatoka.

Hapa utani uko kwenye rangi ya ngozi, kwa hiyo amua: je ni wa manjano kweli? Mi nasema hapana. Mpake ngozi ya kawaida kabisa, yenye afya, mashavu mekundu kidogo, chini ya ile kofia yake ndefu pana nyeusi anayovishwa mara nyingi, halafu manjano yote ipeleke kwenye mfuko wa hela kiganjani. Macho yake yasiwe kwa Figaro anayempima, yawe kwenye mfuko. Watu wengine wote wanamuonea huruma ya uongo, vichwa vimelala upande mmoja, isipokuwa Bartolo ambaye hajui kwamba anachezewa. Kichwa chake peke yake kisimame wima.

Kumalizia

Ukiona karatasi inaanza kukataa rangi, ndipo uamue wapi pa kusugua kwa nguvu. Siyo picha nzima. Sugua kwa penseli ya krimu au nyeupe kwenye satini, ukingo wa wembe, mng'ao wa pua, rangi zitayeyukiana na kung'aa. Mapazia na ukuta wa nyuma yaache na mkwaruzo wake, yakae kimya nyuma ya watu. Ukitaka kujaza nyuma haraka, kijiti cha pamba kilicholowa kidogo tapentaini isiyo na harufu kinayeyusha rangi vizuri, dirisha likiwa wazi na watoto wakiwa mbali, subiri ikauke kabisa ndiyo uongeze tabaka.

Macho malizia mwisho kabisa, kwa ncha kali. Kitone cha mwanga kwenye jicho kiweke chini ya mboni kwa sababu taa iko chini, ukikiweka juu kwa mazoea kazi yote ya mwanga imevurugika.

Kama umetumia penseli za nta kwa wingi, baada ya siku kadhaa utaona ukungu mweupe juu ya sehemu za giza. Picha haijaharibika, ni nta imepanda juu. Futa taratibu kwa kitambaa laini, kisha puliza fiksativu, yaani dawa ya kushikilia rangi, tabaka jembamba mbili tatu, nje, mbali na uso wako. Lakini piga picha au skani kabla ya hiyo fiksativu maana inabadilisha rangi kidogo, na skana zinapenda kumeza manjano hafifu, ule mfuko wa Basilio unaweza kutoka mweupe, kwa hiyo mimi naona bora kamera mchana kwenye kivuli cha baraza, karatasi imesimama wima, hakuna taa ya ndani iliyowashwa. Pinki na zambarau za penseli za bei rahisi zinapauka haraka juani, Polychromos zina nyota ubavuni, tatu ndiyo inayovumilia mwanga zaidi, na kama zako hazina alama yoyote paka vipande vya majaribio, funika nusu kwa kadibodi, bandika dirishani miezi miwili ndiyo uamue utepe wa Rosina uwe wa rangi gani kwenye picha ya kuuza.